Dawa Njema katika Chungu Kibaya

Mgeni afikaye Goma kwa mara ya kwanza hustaajabia mawe yake meusi. Nyumba zasimama juu ya mawe, kuta zajengwa kwa mawe, na watoto huchezea mawe. Hayo ndiyo mabaki ya moto wa Nyiragongo, mlima usimamao kaskazini ya mji. Lakini sisi tuliozaliwa hapa twastaajabia jambo jingine, nalo ni kwamba akina mama wa Goma hulima mahali pasipo udongo. Huununua udongo kwa gunia, ukiletwa kwa chukudu kutoka pande za Kibumba, wakautia ndani ya matairi, ndoo zilizovunjika, makopo ya rangi, na kila chombo kiwezacho kushika konzi chache za udongo. Humo hupanda lengalenga, vitunguu na dawa.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari ya bustani moja ya namna hiyo, bustani ya mama yetu mzazi. Ilitufundisha somo ambalo hatukulipata seminarini wala katika chuo cha ualimu, na somo lenyewe lilituaibisha.

Tarehe 17 Januari 2002 tulikuwa bado watoto wa shule ya msingi. Siku hiyo mlima ulipasuka, na mto wa moto ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa mizima ya maduka na makazi. Watu walikimbia kwa maelfu kuelekea Sake na Gisenyi. Mama alitoka nyumbani na mtoto mchanga mgongoni, sufuria mkononi, na vijiti vitatu vya muravumba vimefungwa ndani ya kitenge. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe. Jiwe lilikuwa bado na joto. Mama akatafuta udongo, akajaza beseni bovu, akapanda vijiti vyake hata kabla ya baba kusimamisha nguzo ya kwanza ya nyumba mpya.

Wasomaji wengi wa Kivu na wa Rwanda waujua mti huo. Muravumba ni wa jamaa ya rehani. Majani yake ni laini yenye vinyweleo, na harufu yake haisahauliki. Wazee wetu waliutumia kwa kikohozi, kwa homa na kwa maumivu ya tumbo. Nao hawakuwa wajinga, kwa maana hata wataalamu wa chuo kikuu cha Butare waliuchunguza katika karne iliyopita, wakakuta ndani ya majani yake vitu vyenye nguvu ya kupambana na vijidudu. Basi, isidhaniwe kwamba twaandika ili kuwadharau wazee au kuzitukana dawa zao. Sisi wenyewe tulilelewa kwa muravumba. Twaandika kwa sababu nyingine.

Mnamo mwaka 2019 jirani mmoja, fundi wa betri za magari, alimpa mama masanduku ya betri kuukuu. Katika mji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, fundi wa namna hiyo hakosi kazi. Masanduku hayo yalikuwa meusi, imara, yasiyooza wala kushika kutu. Fundi alikuwa amekwisha kuondoa vifuniko na kutoa vyuma vya ndani. Kila sanduku lilikuwa na vyumba sita vidogo, na kila chumba kilitosha shina moja. Mama alifurahi sana. Aliyapanga masanduku kumi na mawili nyuma ya nyumba kama madawati ya darasa, akahamishia humo muravumba wake, mchaichai na mubirizi.

Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona. Watu wakatafuta dawa za majani kila mahali, na mlango wa mama haukufungwa. Tena Januari 2025, vita vilipoingia mjini, mabenki yakafungwa na fedha zikaadimika, wengi walioshindwa kununua dawa dukani walikuja kwake. Yeye hakupanga bei kamwe. Mwenye kitu alitoa, asiye na kitu alipewa bure. Binti yetu wa pili, aliyekuwa na kifua dhaifu, alinyweshwa kikombe cha muravumba wa bibi yake karibu kila majira ya mvua, naye alikunywa bila kukunja uso, kwa kuwa alimpenda sana koko wake.

Mwezi wa Agosti 2025 tulitembelewa na rafiki yetu wa zamani. Tulisoma naye seminari ndogo, na kama sisi, hakufika upadre. Sisi tulishika chaki, yeye akasomea kilimo. Mama alimpokea kwa furaha akamwonyesha bustani. Rafiki yetu aliyasifu majani, akainama, akainua sanduku moja, akalitazama upande na chini. Kisha akakwangua kwa kijiti tope la kijivu lililoganda katika pembe ya chumba kimoja. Hakusema neno. Alilirudisha sanduku mahali pake polepole, akaomba maji na sabuni, akanawa mikono mara mbili.

Tulipomsindikiza hadi njiani alituuliza, “Mwalimu, majani yale hunywewa na nani?”

Tukamjibu, “Na kila mtu. Hata na mwanetu.”

Akasimama. Ndipo alipotueleza mambo tutakayoyaandika hapa kwa kifupi.

Ndani ya betri ya gari mna risasi, madini yale mazito ya kijivu, kilo nyingi za hayo. Tena mna asidi kali. Vyuma vikitolewa, unga wa risasi hubaki umeshikamana na kuta za sanduku, na macho hayautambui, hufanana na vumbi tu. Sisi watu wa Goma twaijua risasi kwa jina lake jingine, ile itokayo katika mtutu wa bunduki. Tukiisikia ikilia usiku twalala chini, twawafunika watoto kwa miili yetu. Lakini risasi hii nyingine hailii. Huingia mwilini kwa vumbi, kwa chakula na kwa kinywaji, hujificha katika mifupa na meno, na hukaa humo miaka mingi. Mwanamke akichukua mimba, hutoka tena katika mifupa yake na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo, katika risasi aimezayo, huchukua mwilini mara nne hata tano kuliko mtu mzima. Kiungo kinachoumia zaidi ni ubongo wake. Mtoto hawezi kulalamika juu ya jambo hili. Huchelewa kusoma, husahau upesi, hukosa utulivu, na mwalimu wake humwita mvivu.

Mtu asidhani ni hadithi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watu walizoea kuvunja betri na kuchekecha mchanga ili wapate risasi ya kuuza. Watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kiliwadhuru wakazi kwa moshi na maji machafu, hata mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua, akasimama kuwatetea majirani. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shauri hilo likaendelea katika mahakama za juu.

Tulimwuliza rafiki yetu, “Lakini mti si wenye kuchuja? Mama amepanda mti, hakupika betri.”

Akajibu kwamba mti huchagua kidogo tu, na mara nyingi hupokea unachopewa. Alitukumbusha ua dogo la Katanga ambalo watafutaji wa madini walilitumia kuwaongoza, kwa kuwa humea penye shaba nyingi kuliko mimea mingine inavyoweza kuvumilia. Nalo pia ni la jamaa ya rehani, ndugu wa mbali wa muravumba. Hivyo mmea waweza kuishi, kuchanua na kupendeza mahali penye metali nzito, wala usionyeshe dalili yoyote ya sumu. Uzuri wa jani si ushuhuda wa usafi wake.

Akaendelea kutufafanulia jinsi namna ya kulima inavyobadili dawa ile ile. Katika udongo mzuri, wenye mbolea iliyooza vema na usio na uchachu wa asidi, risasi hushikwa na udongo, na sehemu kubwa ya ile iingiayo katika mmea hubaki mizizini. Katika udongo uliomwagiwa asidi, risasi hulegea na kupanda kwa urahisi zaidi. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, hupanda upesi kuliko risasi na kujilimbikiza majanini. Hiyo yaweza kuletwa hata na mbolea ya dukani itengenezwayo kwa mawe ya fosfati, ikitumiwa pasipo kiasi miaka mingi. Mimea ya kando ya barabara hupata vumbi, na ingawa petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi zetu za kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006, risasi iliyokwisha kuanguka haikuondoka ardhini. Makopo ya rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, na majivu ya takataka huweza kuwa na mengi zaidi. Majani na mizizi huchukua metali kuliko matunda. Kuosha huondoa vumbi la nje, hakuondoi kilicho ndani. Kuchemsha huua vijidudu, hakuui metali. Kukausha huondoa maji tu, na metali yote hubaki katika uzito uliopungua, hivi kwamba konzi ya majani makavu huwa na sumu zaidi kuliko konzi ya majani mabichi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2003 mwongozo wa kilimo na uvunaji bora wa mimea ya dawa, nalo limependekeza pia kwamba kilo moja ya mmea wa dawa isizidi miligramu 10 za risasi wala miligramu 0.3 za kadimi. Sisi hatukuwa na chombo cha kupimia kilo ya muravumba. Tulikuwa na masanduku kumi na mawili, na binti mwenye miaka sita.

Jioni ile tulimwendea mama. Twakiri kwamba tulisema vibaya, kwa haraka na kwa maneno ya shule. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Muravumba huu ndio uliokulea hata ukajifunza Kilatini. Je, ulikufa?”

Tukamjibu, “Mama, muravumba ule ulimea katika beseni la udongo wa Kibumba. Dawa ni ile ile. Chungu ndicho kilichobadilika.”

Akanyamaza. Siku mbili hakuzungumza nasi ila kwa salamu. Siku ya tatu, asubuhi, tulimkuta ameketi mbele ya masanduku yake, mikono mapajani. Hakututazama. Aliuliza, “Na wale niliowapa?”

Hapa ndipo tuonapo haya. Sisi, mwalimu, mtu wa seminari, ambaye kila siku twawaambia wanafunzi waseme kweli ingawa ni chungu, tulimshauri anyamaze. Tulisema kwamba labda sumu ilikuwa kidogo. Tulisema watu watamcheka, wengine watamshtaki, tena jina la nyumba yetu litachafuka, na ya nini kuwatia watu hofu kwa jambo lisilopimwa? Maneno hayo yote yalikuwa na sura ya busara, lakini mzazi wake alikuwa woga.

Mama akatugeukia. “Mwanangu,” akasema, “waliponijia kuomba dawa, hawakuniogopa. Mimi nitawaogopaje?”

Akavaa kitenge chake cha kwendea kanisani, akaenda. Kwa muda wa juma moja alizunguka nyumba 23, zile alizozikumbuka, tangu Majengo hadi Birere, akisema maneno yale yale: “Majani niliyokupa yalimea katika sanduku la betri. Yaliyobaki usinywe. Mtoto mpeleke kwa muuguzi, umweleze.” Wengine walicheka, wakasema mbona wao ni wazima. Mmoja alimfukuza. Mama mmoja kijana, aliyekuwa amekunywa dawa ile akiwa na mimba, alilia sana, na mama alikaa naye mpaka jua likatua. Siku ya pili ya safari hizo tuliona aibu yetu imezidi, tukafuatana naye.

Katika zahanati ya mtaa wetu kipimo cha risasi katika damu hakikupatikana. Muuguzi alitupa shauri lililo wazi: dawa ya kwanza ni kukata chanzo. Kisha mtoto ale vizuri, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa chuma na chokaa huivuta risasi zaidi. Basi tunampa maharagwe, lengalenga, na sambaza wa ziwani waliwao na mifupa yao. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kwa ufagio mkavu unaorusha vumbi.

Masanduku nayo yalitutaabisha. Mahali pa kuyatupa ni wapi? Ziwani si halali, kwa kuwa ndiko tunakoteka maji ya kunywa. Katika nyufa za mawe, mvua ingeyapeleka sumu huko huko. Kuyachoma kungekuwa kuligawia jirani moshi. Tuliyalowesha kwanza ili vumbi lisiruke, tukayafunga pamoja na udongo na miti yake ndani ya mifuko mizito ya plastiki, tukayazika katika shimo lililosakafiwa na kufunikwa kwa simiti, mbali na tangi la maji ya mvua. Twajua hiyo si tiba kamili. Yule fundi jirani, ambaye watoto wake huchezea penye kazi yake, alikuja kutazama tulipokuwa tukifanya hivyo. Alitusaidia kukoroga simiti bila kusema mengi. Tangu siku ile hamwagi tena asidi katika ufa wa mawe ulio mbele ya mlango wake, na watoto wake hawakai tena penye betri.

Mama amepanda upya. Vijiti vya muravumba aliletewa na shangazi yetu kutoka shamba lililo mbali na barabara. Udongo ni wa chukudu kama zamani, lakini sasa mama humwuliza mwenye chukudu umechimbwa wapi, tena humwuliza kwa ukali. Vyombo ni magunia mapya na ndoo zilizokuwa na mafuta ya kula. Mbolea ni samadi ya sungura na simbilisi iliyooza vema. Bustani iko nyuma, mbali na njia na mbali na maji yatiririkayo kutoka kwa fundi. Na mtoto akishikwa na homa kali, mama ndiye wa kwanza kusema apelekwe zahanati kupimwa malaria, majani yangoje.

Ndugu wasomaji, kila mmoja wenu anayepanda dawa, au kuinunua sokoni, au kuipokea kwa mkono wa jirani mwema, tunawaomba muulize maswali matatu tu. Udongo wake umetoka wapi? Umekaa katika chombo gani? Jirani yake ni nani: barabara, gereji, jaa la takataka, au shamba? Kuuliza hivyo si kumtukana mganga wala kuacha mapokeo ya wazee. Wazee wetu walichuma mwituni, mahali ambapo hapakuwa na betri, nao hawakuwa na haja ya kuuliza. Sisi tunayo haja.

Binti yetu sasa yumo darasa la kwanza. Kila jioni husoma kwa sauti karibu na taa, na bibi yake huketi kando yake akisikiliza. Mara nyingine mtoto husitasita katika neno refu, kama wasitasitavyo watoto wote wa umri wake. Hapo mama hutuinulia macho, nasi twamtazama, wala hakuna asemaye neno. Kisha mtoto hulishika neno lake, akalimaliza, akaendelea na mstari unaofuata.